Protektorati ya kidini nchini China ni nini?

Protektorati ya kidini ni pale dola moja inapojipa haki ya kuwasemea watu wa dini fulani ndani ya nchi ya wengine, hata kama watu hao si raia wake. Katika China ya karne ya 19, chini ya nasaba ya Qing, dola hiyo ilikuwa Ufaransa, na waliolindwa ni wamisionari Wakatoliki wa kila taifa. Kwa miaka mingi padri wa Kiitaliano aliyetaka kwenda mikoa ya ndani alisafiri kwa hati ya Ufaransa.

Haki hiyo ilipatikana kwa mtutu wa bunduki. Mwaka 1856 padri Auguste Chapdelaine aliuawa Guangxi, mkoa wa kusini mwa China, mahali ambapo mgeni hakuruhusiwa kukanyaga, na Ufaransa ikapata kisingizio cha kuungana na Uingereza katika Vita vya Pili vya Kasumba dhidi ya China. Mkataba wa Tianjin wa 1858 ukawafungulia wahubiri mikoa ya ndani. Ule wa Beijing wa 1860 ulikwenda mbali zaidi: nakala yake ya Kichina iliwaruhusu mapadri kukodi na kununua ardhi mikoa yote, kifungu ambacho nakala ya Kifaransa haikuwa nacho. Mmoja wa wakalimani, Louis Delamarre, alikuwa mmisionari.

Kijijini mambo yalikwenda hivi. Watu wawili wanagombania shamba, mmoja wao ni Mkristo. Padri anamwandikia askofu, askofu anapeleka malalamiko kwa mwakilishi wa Ufaransa, naye anaibana ofisi ya mambo ya nje, Zongli Yamen, mpaka amri inamshukia hakimu wa wilaya. Hakimu anajua kibarua chake kiko hatarini. Wako walioingia kanisani kwa imani ya kweli, lakini wako pia waliofuata kinga hiyo, na majirani zao waliliona hilo vizuri kabisa.

Chuki ikajaa. Tianjin, mwaka 1870, ulienea uvumi kwamba masista wa kituo cha yatima wanaiba watoto. Balozi mdogo wa Ufaransa, Henri Fontanier, alimfyatulia risasi hakimu wa wilaya, akamkosa na kumpiga mtumishi wake. Umati ukamuua palepale, kisha ukaua masista kumi na kuchoma kanisa.

Kinachochekesha ni kwamba serikali ya Paris iliyowafukuza Wajesuiti, shirika la mapadri Wakatoliki, mwaka 1880 haikukubali kabisa kuachia kazi ya kuwalinda mapadri huko China. Papa Leo XIII alipotaka kutuma mwakilishi wake Beijing mwaka 1886, Ufaransa ilitishia hadi akaghairi. Dini haikuwa hoja. Aliyewasemea Wakatoliki alikuwa na sababu ya kuingilia kati popote palipokuwa na kanisa, na dola nyingine nazo zikaitamani nafasi hiyo.

Ujerumani ilipata yake mwaka 1890, askofu Johann Baptist Anzer wa kusini mwa mkoa wa Shandong alipohamia chini ya ulinzi wake. Usiku wa Novemba 1, 1897, katika wilaya ya Juye, mapadri Richard Henle na Franz Nies walivamiwa wakiwa wamelala na kuuawa. Mwenyeji wao, Georg Stenz, alinusurika kwa kuwa alikuwa amewaachia wageni chumba chake. Kaiser Wilhelm II, mfalme wa Ujerumani, alikuwa akitafuta bandari China tangu kabla ya hapo. Kufikia Novemba 14 askari wake wa majini walikuwa wameshaiteka ghuba ya Jiaozhou.

Machi 1898 China ililazimika kuikodisha ghuba hiyo kwa miaka 99, pamoja na haki za reli na migodi ya Shandong, na kugharimia ujenzi wa makanisa. Urusi ikachukua Lüshun, Uingereza Weihaiwei, Ufaransa Guangzhouwan, yote ndani ya mwaka huo. Ni Shandong hiyohiyo iliyozaa Mabondia, vuguvugu la Wachina lililopinga wageni, waliowageukia wamisionari na waumini Wachina hadi vita vya 1900.

Vatikani ilipata mjumbe wake China, Celso Costantini, mwaka 1922 tu.