FF tupu si cheti cha kifo

Wiki hii nimeletewa tena bodi ya laptopu ambayo chipu yake ya baiosi, ile inayohifadhi programu ya kuiwashia, imeshang'olewa kwa blowa ya hewa moto na kutiwa kwenye kimfuko, na maelezo ni yale yale: "Hiyo imekufa, inasoma FF tupu." Jamani! Hata jina lake haikuulizwa. Naandika hapa ili mwingine akija na FF zake nimtumie kiungo, nisiendelee kumaliza mate.

Nazungumzia chipu za pini nane za familia ya 25, tuseme W25Q64FV ya Winbond, yenye megabiti 64, yaani megabaiti 8. NAND na eMMC, aina nyingine za chipu za kumbukumbu, zina mambo yake, leo siziingilii.

Seli iliyofutwa kwenye fleshi (kumbukumbu isiyopotea umeme ukikatika) ya aina hii husomeka 1, na baiti yenye 1 zote nane ni FF. Chipu mpya iliyotoka kwenye pakiti ni FF mwanzo hadi mwisho. Balaa ni kwamba chipu isiyojibu nayo mara nyingi huonekana hivyo hivyo: laini ya data isipovutwa na yeyote, rezista huipandisha juu, na programa, kifaa cha kusomea na kuandikia chipu, haijui ukimya ni nini, inaandika 1 tu. Basi FF peke yake haijakuambia kitu. Ipe chipu amri 9F, ya kuiuliza jina. Ikirudisha EF 40 17, iko hai na inakusikia: EF ni Winbond, 17 ni ukubwa wake. Ikiwa bado data ni FF, imefutwa. Iandikie, maisha yaendelee.

Na isipojibu 9F? Hapa ndipo watu hukimbilia blowa, wakati chipu ina sababu kadhaa halali za kukunyamazia. Ikiwa imepewa amri B9 imeingia usingizi mzito, na humo haisikii chochote isipokuwa AB, amri ya kuiamsha. Ikiwa katikati ya kufuta, 9F inapuuzwa mpaka imalize. Kufuta chipu nzima ya W25Q64JV huchukua kama sekunde 20, na datashiti inaruhusu hadi 100. Ikiwa mtu ameipeleka kwenye hali ya QPI kwa amri 38, inasubiri amri kupitia laini nne kwa pamoja, na wewe unaigongea kwenye laini moja. Inayofuta isubiri imalize; katika hali nyingine hizo, mara nyingi kukata umeme wake kabisa na kuurudisha kunaitoa. Kabisa, nasema. Kubonyeza risti ya bodi, yaani kitufe cha kuianzisha upya, hakukati umeme wa chipu.

Hilo la risti ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu linawapoteza hata waliosoma. Chukua W25Q256, megabaiti 32. Anwani ya baiti tatu inafika megabaiti 16 tu, kwa hiyo programu ya rauta huipa chipu amri B7, ianze kupokea anwani za baiti nne. Sawa. Kisha rauta inajirestati. Prosesa inaanza upya, lakini umeme wa chipu haukukatika, hivyo chipu bado iko kwenye baiti nne. Programu ya kuwashia iliyochomwa ndani ya prosesa haina habari. Inatuma 03, amri ya kusoma, na baiti tatu za anwani, kisha inasubiri data. Chipu inahesabu mipigo minane ya saa inayofuata kuwa ni baiti ya nne ya anwani. Hata ukianzia sifuri, data inachelewa baiti moja, na prosesa inajaribu kutekeleza takataka. Mteja atakuambia: "Nikichomoa waya na kurudisha inawaka, ikijirestati yenyewe inaganda." Fundi anabadilisha chipu, tatizo liko pale pale, anabadilisha tena. Chipu ilikuwa nzima tangu mwanzo. Dawa ni programu kutuma E9, ya kuirudisha kwenye baiti tatu, kabla ya kurestati, au bodi kuwa na waya wa risti unaofika kwenye chipu yenyewe.

Kwenye kuandika nitapita haraka. Fleshi inaweza kugeuza 1 kuwa 0. Kurudisha 1 ni kazi ya kufuta, na kufuta huanzia sekta ya kilobaiti 4. Ukiandika 0F juu ya F0 bila kufuta unapata 00. Kabla ya kila ukurasa wa baiti 256 tuma 06, amri ya kuruhusu kuandika, kwa sababu chipu hujifungia ikishamaliza. Ukizidisha baiti, zinarudi mwanzo wa ukurasa ule ule na kuharibu ulichotangulia kuandika. Biti za ulinzi zikiwa zimewashwa, kufuta kunapuuzwa bila kosa lolote kuonyeshwa, na hizo nazo huitwa "chipu imegoma".

Rejista ya hali, amri 05, itazame kila mara: biti ya 0 ni shughuli inaendelea, biti ya 1 ni ruhusa ya kuandika. Ikirudisha FF usifurahi kwamba "iko bize". Haijibu, na programu yako itasubiri hadi kiyama.

Kisha volti. Zile programa nyeusi za CH341A zinazouzwa kila mahali hulisha chipu 3.3 huku laini za data zikiwa na 5. Kwa chipu ya 1.8 hapo ndipo unapoweza kuiua kweli.

Lakini hata baada ya hayo yote, kuna jambo ambalo kulinganisha faili na kilichosomwa kwenye chipu hakulimalizi. Umeme ukikatika wakati wa kufuta, baadhi ya seli hubaki katikati: leo zinasoma 1, kesho bodi ikipata joto zinasoma 0. Usomaji mmoja uliolingana hauzioni, na chipu hizi hazina amri ya kukuambia seli ipi ni dhaifu, wala haziweki hesabu ya mara zilizofutwa. Mtengenezaji anatoa dhamana ya mara 100,000. Umeng'oa chipu kwenye rauta ya mtumba, nani atakuambia imefika wapi? Kwa hiyo nikisikia umeme ulikatika, nafuta sekta zilizohusika upya hata kama faili limelingana, naandika, nasoma mara kadhaa chipu ikiwa baridi na ikiwa vuguvugu, na bado dhamana ninayompa mteja ni fupi.