Weusi nyuma ya wekundu si anga safi

Rubani kijana aliyetoka Dar es Salaam kuja uwanja wa ndege wa Songwe, Mbeya, kaniambia, tena kwa kujiamini: "Mwalimu, kwenye rada, nyuma ya lile wingu jekundu la mvua nzito palikuwa peusi, nikajua pana mlango wa kupita." Kauli hii nimeisikia masika na masika. Nimechoka kuijibu mmoja mmoja.

Rada ya ndegeni hutumia mawimbi ya sentimita 3 hivi, na mvua nzito huyanyonya. Yakiishia humo humo, hakuna kinachorudi, na kioo cha rada kinabaki cheusi. Weusi huo maana yake "sijaona", si "hakuna kitu", na huenda ndipo penye mvua ya mawe yenyewe. Aprili 4, 1977, huko Georgia, Marekani, ndege ya abiria aina ya DC-9 ya shirika la Southern Airways iliingia kwenye dhoruba, marubani wakiitegemea rada yao kutafuta njia. Maji na mawe vikazima injini zote mbili. Walikufa watu 72, wakiwemo waliokuwa ardhini.

Dawa yangu, na wanafunzi wangu wameshaichoka: inamisha antena ya rada mpaka milima itokee kiooni. Huku kwetu tuna bahati, tuna Rungwe yenye mita karibu 2,960, tuna safu ya Kipengere. Unajua vilipo. Kama mlima uliotakiwa kuonekana nyuma ya mvua haupo, basi haukuhama. Mawimbi ndiyo hayakufika. Hapo hakuna mlango. Zunguka, na dhoruba kali iache mbali kwa kilomita 37 au zaidi, hata kama abiria watanuna.

"Lakini kwenye simu naona mvua ilipo sasa hivi." Unaona ilipokuwa. Picha ya rada za ardhini hukusanywa, huunganishwa, ndipo hutumwa. Inaweza kuchelewa dakika 15 hadi 20. Wingu la radi la Januari, saa tisa alasiri, huzaliwa na kukomaa ndani ya muda huo. Picha hiyo ni ya kupangia safari ukiwa bado unakunywa chai, si ya kupenyea katikati ya mawingu mawili.

Kijani nacho, rangi ya mvua nyepesi kiooni, wanakiita salama. Rangi hiyo inapima mvua, haipimi mtikisiko, na mawe makavu hurudisha mwangwi hafifu.

Halafu kuna wa asubuhi: "Rada haina rangi, Songwe kuko wazi." Ndugu yangu, matone ya ukungu ni madogo mno kwa rada hiyo. Soma METAR, ile taarifa ya hali ya hewa ya uwanja, au piga simu mnara wa kuongozea ndege.