Shahada ya sayansi na kazi ya wakala wa hataza

Mhitimu wa kemia, fizikia au uhandisi akimaliza chuo, mara nyingi huona njia tatu tu mbele yake: kufundisha, kuingia maabara, au kurudi darasani kutafuta shahada ya uzamili. Ipo njia nyingine isiyosikika sana, na ningependa vijana wetu wengi zaidi waifahamu: kuandaa maombi ya hataza na kuyatetea.

Hataza ni haki ambayo dola humpa mvumbuzi ya kuwazuia wengine kutengeneza, kutumia au kuuza uvumbuzi wake bila idhini, kwa kawaida kwa miaka 20 tangu ombi liwasilishwe. Naye mvumbuzi sharti aueleze uvumbuzi huo waziwazi, kiasi kwamba mtu wa fani hiyohiyo akisoma aweze kuutengeneza. Anayeandika maelezo hayo kwa niaba yake ni wakala wa hataza.

Uzito wa kazi uko kwenye madai, yaani zile sentensi zinazotaja hasa kinacholindwa. Tuseme fundi wa Mwanza amebuni kikaushio cha dagaa kinachotumia jua. Dai likisema “kikaushio chenye trei za chuma”, mshindani ataweka trei za plastiki na kuuza bila wasiwasi. Likisema “kifaa chochote cha kukaushia samaki kwa jua”, mchunguzi wa ofisi ya hataza atalikataa, kwa kuwa samaki wameanikwa juani tangu enzi za mababu na hakuna jipya hapo. Wakala inabidi akae na fundi, aulize, achore, aulize tena, mpaka ajue kinachokifanya kikaushio hicho kiwe tofauti. Huenda si trei kabisa. Huenda ni jinsi hewa ya moto inavyoingilia chini na kutoka na unyevu kabla haujarudi kwenye samaki. Kuligundua hilo kunataka mtu anayeelewa joto na mwendo wa hewa. Kuliandika bila kuacha mwanya kunataka nidhamu ya lugha. Mwanasheria asiyejua sayansi hukwama kwenye hatua ya kwanza, na mwanasayansi asiyefunzwa hukwama kwenye ya pili.

Baada ya hapo huja mabishano na mchunguzi, ambaye hupima kama uvumbuzi ni mpya, kama si jambo ambalo mtaalamu yeyote angelifikia kirahisi, na kama unaweza kutumika viwandani. Hapa nawasihi watafiti: muoneni wakala kabla ya kuwasilisha mada kwenye kongamano. Barani Ulaya, ukishautangaza uvumbuzi hadharani kabla ya kuomba, kwa kawaida umeshaupoteza upya wake. Marekani humpa mvumbuzi mwaka mmoja wa nafuu.

Njia ya kuingia hutofautiana. Marekani, mwenye shahada ya sayansi au uhandisi anaweza kufanya mtihani wa ofisi ya hataza na kuwa wakala bila kusomea sheria. Akitaka kuitwa wakili, ataongeza shule ya sheria na mtihani wa uwakili wa jimbo. Uingereza haidai shahada ya sheria: mhitimu wa sayansi huajiriwa kama mwanafunzi wa kazi, akajifunza chini ya wakala mzoefu kwa miaka kadhaa huku akifanya mitihani. Huku kwetu, anayetaka kuwa wakili kamili Tanzania Bara atapitia shahada ya sheria na Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo. Kanuni za mawakala ziulizeni BRELA, ofisi inayosajili hataza Tanzania Bara, au KIPI, ofisi kama hiyo kwa walioko Kenya, kabla ya kulipa ada popote. Africa University iliyoko Mutare, Zimbabwe, hutoa shahada ya uzamili ya miliki bunifu kwa ushirikiano na ARIPO, shirika la kikanda lenye makao Harare ambako ombi moja linaweza kutaja nchi kadhaa za Afrika.

Chester Carlson alihitimu fizikia California mwaka 1930, akaishia kwenye idara ya hataza ya kampuni moja ya vifaa vya umeme, huku akisoma sheria usiku. Kazi ile ilimtaka anakili nyaraka za hataza kila mara, akachoka, na mwaka 1938 akapata picha ya kwanza kwa mbinu ambayo leo tunaiita fotokopi. Hataza yake ya msingi ilitoka 1942, na alikuwa na ujuzi wa kuilinda.

Anayetaka kujipima anaweza kuanza wiki hii bila gharama. Fungua Espacenet, hazina ya bure ya nyaraka za hataza, utafute kifaa cha fani yako. Soma maelezo na michoro peke yake, funika madai, andika dai la kwanza kwa mkono wako, kisha lilinganishe na lililoandikwa. Angalia neno kwa neno wewe ulipobana mno na ulipoachia mno. Rudia kwa hataza nyingine kumi kabla hujaamua.