Karatasi ya mkodi wa zamani: kosa la kumbukumbu ndani ya kivinjari

Ami yangu wa Mtambwe, Pemba, ana mikarafuu anayoikodisha msimu kwa msimu. Mkodi hupewa karatasi, huleta wachumaji wake, na msimu ukisha mikarafuu hurudi kwa mwenyewe. Mwaka mmoja karatasi haikurudishwa. Ami akamkodisha mtu mwengine, na asubuhi moja makundi mawili ya wachumaji yakakutana chini ya miti ile ile, kila moja na karatasi yenye saini ya ami.

Kosa nililolirekebisha mwezi uliopita lilikuwa la namna hiyo hiyo. Kivinjari huishi kwa kukodi kumbukumbu ya simu au kompyuta, yaani pahala pa kuweka mambo yake wakati kinafanya kazi. Kila picha na kila kisanduku cha kuandikia hupewa kipande chake. Kikiondolewa kwenye ukurasa, kipande hurudishwa na kupewa mwengine. Karatasi yenyewe ni pointa, namba tu inayosema mali iko wapi. Vivinjari vikubwa vimeandikwa zaidi kwa C++, lugha ya kuandikia programu, na C++ haimlazimishi mtu kurudisha karatasi. Mwaka 2020 wahandisi wa Chromium, mradi ambao Chrome imejengwa juu yake, walieleza kuwa karibu asilimia 70 ya hitilafu zao kubwa za usalama ni za kumbukumbu, na nusu ya hizo ni hii ya kutumia kipande kilichokwisha kurudishwa.

Programu yetu ya simu imepachikwa injini ya kivinjari yenye msimbo huria. Ilikuwa inaanguka mara moja moja mtu anapojaza jina la abiria. Nikaijenga upya pamoja na AddressSanitizer, chombo ambacho hakiharakishi kugawa tena kumbukumbu iliyorudishwa, bali huitia alama. Kwenye ripoti nikaziona alama hizo zimejipanga: fd, fd, fd. Maana yake, hapa palikuwa na mtu, keshaondoka. Ripoti hukupa pahala patatu: kumbukumbu ilipotumiwa, iliporudishwa, na ilipokodishwa mwanzo. Wengi husoma pa kwanza tu. Jibu huwa aghlabu pa pili.

Hapo pa pili palinionesha mambo yalivyokwenda. Mtumiaji anatoka kwenye kisanduku, C++ inalitangaza tukio hilo, JavaScript, yaani programu iliyoandikwa ndani ya ukurasa wenyewe, inalisikia na kukifuta kisanduku chenyewe. Kisanduku kinakufa. Kisha C++ inaendelea na mstari unaofuata, inaandika hali mpya ndani ya kisanduku ambacho hakipo tena.

Kwa mtumiaji wa kawaida, programu inaanguka basi. Mdukuzi hufanya zaidi. Baada ya kukifuta kisanduku anaomba haraka vipande vingi vya ukubwa ule ule, mpaka kimojawapo kinaangukia pale pale. Sasa C++ inaandika ndani ya mali ya mdukuzi. Ikiwa pale pana urefu wa safu, yaani orodha ya vitu vilivyopangwa pamoja, urefu unabadilika, na safu ya vitu kumi inasoma kumbukumbu ambayo si yake. Oktoba 2024 Firefox ilipata udhaifu wa jamii hii katika sehemu ya uhuishaji, nao ulikuwa tayari unatumiwa kushambulia watu; Mozilla, watengenezaji wake, wakatoa toleo la kurekebisha ndani ya takriban siku moja.

Mwenzangu alipendekeza tukague kwanza kama pointa ni tupu. Nilikataa, na hapa nataka nieleweke vizuri: pointa ya kitu kilichokufa haiwi tupu. Namba ni ile ile, karatasi bado ina saini. Ukaguzi ule ungepita na kosa lingebaki.

Nilipomhadithia ami kwenye simu, hakuuliza nani aliingia shambani. Aliuliza, "Mwanangu, nani alikodisha tena kabla karatasi haijarudi?" Ndilo suali lenyewe. Kwa hiyo kabla ya kutangaza tukio, msimbo sasa unakishika kisanduku kwa pointa inayohesabu wanaokitumia. Kikiwa kimeshikwa, kumbukumbu yake hairudishwi. Tukio likimalizika tunaangalia kama kisanduku bado kimo ukurasani. Kama hakimo, tunaachia na kutoka bila kuandika kitu. Nikalipekua faili zima nikakuta pahala pengine patatu palipoandikwa vivyo hivyo, nikapatengeneza napo.

Ukurasa mfupi wa majaribio nilioandika, unaofuta kisanduku chake wenyewe, sasa unapita bila fd hata moja. Lakini sijauweka hadharani. Ni dawa kwetu, na kwa mdukuzi ni ramani, maana kila aliyebaki na toleo la zamani yuko wazi mbele yake, na wengi huku visiwani wamezima masasisho ili bando lisiishe. Ami ni mmoja wao. Ijumaa napanda boti ya Pemba, na bando la simu yake nimeshalinunua.