Kumsindikiza mwanamke anayepigwa nyumbani: kazi ya msaidizi wa kisheria na mipaka yake

Mwanamke anayefika kwa msaidizi wa kisheria, yaani sisi tunaosaidia watu bure kwenye mambo ya sheria bila kuwa mawakili, mara nyingi huwa ameshabisha hodi milango mingi. Alianza kwa dada yake, akaambiwa avumilie. Akaenda kwa shangazi, akaulizwa alimjibu nini mumewe mpaka yakafika huko. Kisha balozi wa nyumba kumi, mwenyekiti wa mtaa, mchungaji au shehe, na kila mmoja akamrudisha kwake na nasaha za kulinda ndoa. Wengi wao walikuwa na nia njema kabisa. Lakini kila aliporudi, mumewe alikuwa ameshapata habari kwamba amesema nje, na ameona pia kwamba aliyeambiwa hakufanya kitu.

Mtu aliyepitia hayo hahitaji nasaha nyingine. Anahitaji mtu wa kumsikiliza, na usikilizaji wa kazi hii una utaratibu wake. Mpokee mahali ambapo aliyekaa kwenye benchi la nje hasikii. Fomu iache pembeni kwanza. Maswali ya mwanzo ni ya usalama: Dada, ukitoka hapa unarudi wapi? Yeye anajua umekuja? Simu hii anaishika nani mwingine? Tukikupigia akapokea yeye, tuseme sisi ni nani? Wapo wanaoomba tujitambulishe kama watu wa kikoba, wengine kama fundi anayewashonea nguo. Tunaandika jibu hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa jalada, kwa maandishi makubwa, ili mwenzetu yeyote atakayepiga simu siku nyingine asije akaleta maafa kwa salamu tu.

Swali la "ulifanya nini mpaka akakupiga" halina nafasi hapa. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 66, imeshalijibu: hakuna mtu mwenye haki ya kumpa adhabu ya viboko mwenzi wake, hata kama mila inasema vinginevyo. Sheria hiyo ina zaidi ya miaka 50, na bado wapo viongozi wa mitaa wanaoshangaa wakisomewa kifungu hicho. Nakala yake iliyochapwa kwa herufi kubwa ni nyenzo nzuri ya kutembea nayo kila unapokwenda ofisi ya kata.

Watu wanatuuliza kwa nini haondoki. Wakati mwingine hata polisi na wauguzi wanauliza. Kaa naye saa moja utapata majibu. Nyumba imejengwa kwenye kiwanja cha ukoo wa mume. Mahari ilishaliwa, na kaka zake hawataki kusikia habari ya kuirudisha. Mtoto wa mwisho bado ananyonya, wa kwanza yuko darasa la saba na mtihani unakaribia. Duka analouza yeye, lakini leseni na namba ya kupokelea malipo ni za mume. Juu ya yote kuna jambo ambalo yeye analijua kuliko sisi: ameshaahidiwa kwamba siku akiondoka atauawa, na ana sababu ya kuamini.

Hofu yake ina msingi. Utafiti wa nchi mbalimbali umeonyesha kwamba kipindi cha kuachana, na miezi inayofuata, ndicho chenye hatari kubwa zaidi ya mwanamke kuuawa na mwenzi wake. Anayemsukuma aondoke leo, bila mpango, kwa sababu yeye mwenyewe amechoka kusikia habari za kipigo, anaweza kumsukumia kwenye kifo. Kwa hiyo kanuni yetu ya kwanza ni kwamba uamuzi ni wa kwake. Sisi tunamweleza njia zilizopo na gharama ya kila njia, tunamlinda wakati anafikiri, na tunabaki naye akichagua kitu ambacho sisi tusingechagua. Akirudi kwa mumewe mara ya tatu, mlango uwe wazi mara ya nne, bila uso wa lawama. Hili ndilo gumu kuliko yote katika kazi hii, na wafanyakazi wapya wengi huvunjika moyo hapo.

Kumwachia uamuzi hakuna maana ya kunyamazia hatari. Mwaka 1985 Jacquelyn Campbell, muuguzi na mtafiti wa Marekani, alitunga orodha ya maswali ya kupima uwezekano wa mwanamke kuuawa, na watetezi wa nchi nyingi wanaitumia mpaka leo wakiibadili kulingana na mazingira yao. Maswali yenyewe ni ya wazi. Kipigo kimeongezeka siku za karibuni? Ameshatishia kukuua, au kujiua yeye? Ana silaha au anaweza kuipata kirahisi? Alikupiga ukiwa na mimba? Anakulazimisha tendo la ndoa? Anafuatilia kila unakokwenda na kila unayeongea naye?

Swali ambalo nalisisitiza kila ninapofundisha wasaidizi wapya ni la kukabwa koo. Wanawake wengi hawalitaji wenyewe, kwa sababu mara nyingi halikuacha alama na "aliniachia baadaye". Utafiti uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenzi wake yumo katika uwezekano wa takriban mara 7 zaidi wa kuja kuuawa naye. Isitoshe, madhara ya ndani ya shingo yanaweza kujitokeza saa au siku kadhaa baadaye: sauti kukauka, chakula kushindwa kupita, kizunguzungu, kupoteza fahamu. Akikwambia alikabwa, aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama anaongea na kutabasamu mbele yako.

Baada ya hapo mnakaa kupanga. Mpango wa usalama ni wa mtu mmoja na nyumba moja, haunakiliwi kutoka jalada jingine. Tunamwomba achore nyumba yake: mlango uko wapi, dirisha gani halina nondo, jikoni kuna visu na mafuta ya taa, kwa hiyo ugomvi ukianza asikimbilie huko. Jirani gani anaaminika, na ishara yao itakuwa nini. Inaweza kuwa khanga fulani iliyoanikwa dirishani, au mtoto kutumwa kuomba chumvi usiku. Nyaraka zitoke nyumbani kidogokidogo, nakala kwanza, zikae kwa mtu ambaye mume hatamfikiria: cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki, kitambulisho cha NIDA, kadi ya bima, mkataba wa kununulia kiwanja. Nauli ya bodaboda iwekwe kando kwa fedha taslimu, maana ujumbe wa miamala ya simu husomwa. Na watoto wafundishwe jambo moja tu, kukimbilia kwa jirani huyo, wala wasiingie kati kuamua ugomvi.

Upande wa ushahidi, mambo mengi huharibika katika siku mbili za mwanzo. Aliyejeruhiwa anachukua polisi fomu ya PF3, ile ya kuandikia majeraha yake, daktari anaijaza, nayo inarudi polisi. Msindikize na uisome ikishajazwa, kwa sababu maelezo ya "maumivu kidogo" kwa mtu mwenye mbavu iliyovunjika yatakuja kuangusha kesi. Kama hali ni ya dharura, matibabu yatangulie na fomu ifuate. Akifungua malalamiko aondoke na namba ya RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yake polisi, mkononi. Bila namba hiyo, wiki ijayo ataanza upya. Alama za mwili zipigwe picha siku hiyo, na tena baada ya siku mbili tatu zikishapevuka. Nguo zenye damu zisifuliwe, wala zisifungwe kwenye mfuko wa plastiki, kwani zitaota ukungu. Bahasha ya kaki inatosha.

Kama kulikuwa na kulazimishwa kingono, saa zinahesabika. Dawa za kukinga maambukizi ya VVU hutolewa ndani ya saa 72, na vidonge vya dharura vya kuzuia mimba ndani ya saa 120, na mapema ni bora zaidi kwa vyote viwili. Sheria yetu ya Kanuni ya Adhabu haimhesabu mume kuwa mbakaji isipokuwa pale wanandoa walipokwisha kutengana. Ni pengo ambalo watetezi wa haki za wanawake wamelipigia kelele kwa miaka mingi, na mimi naungana nao. Lakini pengo hilo la sheria halimfungi daktari: mke anastahili huduma hizo zote kama mwanamke mwingine yeyote.

Mahali pa kuanzia ni Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi, au kituo cha Mkono kwa Mkono kama kipo karibu, mfano Amana jijini Dar es Salaam au Mnazi Mmoja kule Zanzibar. Ubora wa vituo hivi ni kwamba daktari, polisi na afisa ustawi wa jamii wako pamoja, hivyo mtu hasimulii mkasa wake kwenye madirisha manne. Ukishafanya kazi na askari wa dawati, mfahamu kwa jina na uwe na namba yake, maana habari unayoihitaji kuliko zote ni siku na saa mtuhumiwa atakayotoka kwa dhamana. Mwanamke aipate habari hiyo kabla mumewe hajafika mlangoni.

Tanzania Bara haina sheria mahususi ya ukatili wa majumbani. Kenya ilitunga ya kwao mwaka 2015, na chini yake mtu anaweza kuomba mahakamani amri ya ulinzi dhidi ya anayemtesa, ukiwemo ukatili wa kiuchumi na wa kisaikolojia. Sisi huku tunaungaunga. Kanuni ya Adhabu ina shambulio la kudhuru mwili katika kifungu cha 241 na kuumiza vibaya katika kifungu cha 225. Sheria ya Ndoa, kifungu cha 140, inaipa mahakama nguvu ya kumzuia mtu asimsumbue mwenzi wake, lakini hiyo huja pamoja na shauri la ndoa lililokwisha kufunguliwa au kuamuliwa. Anayetaka tu kipigo kikome, bila kuvunja ndoa, ana nafasi finyu. Bunge linapaswa kuliziba hilo. (Zanzibar ina mfumo wake wa sheria za familia na Mahakama ya Kadhi, kwa hiyo vifungu hivi vya ndoa haviwagusi walioko huko.)

Kwa anayetaka talaka, kikwazo kinachotusumbua zaidi ni Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Kifungu cha 101 kinataka shauri lipite huko kwanza. Kwa wanandoa waliogombana kuhusu mambo ya kawaida, ni utaratibu wenye busara. Kwa mwanamke anayepigwa, maana yake ni kukaa benchi moja na anayempiga, kuulizwa mbele yake kama ni kweli, na kisha kutoka nje kwenye mlango mmoja. Wengi hujibu "tumeshapatana" ili wafike nyumbani salama. Kifungu hichohicho kinaruhusu mahakama isidai hati ya baraza pale penye mazingira ya kipekee, na msaidizi wa kisheria anapaswa kukijua na kumwelekeza kwa wakili akitumie. Kama lazima aende barazani, omba wasikilizwe siku tofauti, na uwe naye.

Wengine wanakaa kwenye mateso kwa kuogopa kutoka mikono mitupu. Waambie mapema. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa inayogawanywa chini ya kifungu cha 114. Na aliyeishi na mwanamume miaka 2 au zaidi, jamii ikiwajua kama mke na mume, kifungu cha 160 kinamdhania kuwa ni mwanandoa hata kama hakuna cheti. Kuhusu mtoto aliye chini ya miaka 7, sheria inaanza na dhana kwamba ni heri akae na mama yake, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inamtambua msaidizi wa kisheria na kumwekea mipaka. Sisi si mawakili, hatusimami mahakamani kumtetea mtu, na huduma yetu ni ya bure. Mimi ningeongeza mipaka mingine. Usimwite mume ofisini "kusikia upande wa pili". Hiyo ni kazi ya mahakama, na utakuwa umemwonyesha kwamba mkewe amekushtaki. Usimlaze mwanamke nyumbani kwako, kwani utakuwa umehatarisha familia mbili. Na kamwe usitume picha ya majeraha yake kwenye kundi la WhatsApp, hata la wafanyakazi, hata ukiziba uso. Wanaume pia hupigwa na kuteswa na wenzi wao. Wakija, utaratibu ni huuhuu na heshima ni ileile.

Ukiwa jirani na unasikia kipigo usiku huu, piga 112. Kama anayeumizwa ni mtoto, au kuna mtoto ndani ya nyumba hiyo, namba ya simu ya huduma kwa mtoto ni 116, na kuipiga ni bure. Usiende kumkabili mwanamume peke yako. Kesho yake, mume akiwa ametoka, mkute mama wa nyumba hiyo kisimani au sokoni, umwambie ulisikia, na umwelekeze Dawati la Jinsia liko kituo gani.