Mtoto mchanga mwenye arosto: dawa ya kwanza ni kifua cha mama

Ukishakisikia kilio chake hukisahau. Ni chembamba, kikali, hakikatiki. Mtoto anatetemeka, anapiga chafya na miayo mfululizo, analitafuta ziwa kwa pupa lakini akilipata anashindwa kunyonya. Anatapika, anaharisha, makalio yanachubuka. Miezi yote tumboni alipokea dawa za jamii ya afyuni, kama heroini, kupitia kondo la nyuma; kitovu kilipokatwa, na dawa ikakatika. Sasa ana arosto: mwili unaidai dawa uliyoizoea.

Huyu si mraibu, na naomba tusimwite hivyo. Mraibu huisaka dawa hata inapomdhuru. Mtoto huyu mwili wake umezoea tu.

Kama mama alitumia heroini, dalili huanza kwa kawaida ndani ya saa 24. Kwa methadoni au buprenofini, dawa za jamii hiyo hiyo zinazotolewa kliniki kutibu uraibu, huweza kuchelewa siku mbili, tatu au zaidi, ndiyo maana watoto hao tunawaangalia wodini siku 4 hadi 7 hata wakionekana wazima.

Kwa miongo mingi tulitumia jedwali la alama lililotokana na kazi ya Dkt. Loretta Finnegan miaka ya 1970: kila chafya na kila mtetemeko huhesabiwa, na alama zikipanda mtoto anapewa mofini, nayo ni ya jamii ya afyuni. Baadaye madaktari wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walikuja na maswali matatu mepesi. Je, anakula vya kutosha? Analala walau saa 1 bila kukatizwa? Akilia, anatulia ndani ya dakika 10? Utafiti wa hospitali 26 za Marekani uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kuwa watoto waliopimwa hivyo walikuwa tayari kuruhusiwa baada ya siku 8 hivi, wenzao waliopimwa kwa jedwali karibu 15. Waliohitaji dawa walishuka kutoka asilimia 52 hadi 20 hivi.

Kilichofanya kazi ni mikono: jibu likiwa hapana, mtoto hutulizwa kwanza kabla ya kufikiria dawa. Punguza mwanga na kelele, mfunge mtoto kwa nguo laini, mlaze kifuani ngozi kwa ngozi, mnyonyeshe kidogo kidogo mara nyingi. Mama aliyetulia kwenye tiba ya methadoni au buprenofini anahimizwa kunyonyesha, isipokuwa kuwe na kizuizi kingine cha kiafya. Usingizi ukimzidi mama, mtoto alazwe chali kwenye kitanda chake.

Ndiyo maana huniuma kuona mama akikaripiwa wodini. Akiona aibu ataondoka, na mtoto atabaki bila tiba yake kuu. Na mjamzito anayetumia heroini au dawa za jamii yake asiache ghafla kwa kuogopa lawama: kunaweza kumletea uchungu wa mapema, na hatari ya kurudia matumizi ni kubwa. Aje kliniki aanzishiwe methadoni au buprenofini.

Mtoto asiyetulia baada ya yote hayo hupewa mofini au methadoni ya kunywa, kisha kipimo hupunguzwa taratibu. Naloksoni, dawa inayozima nguvu ya afyuni mwilini, tunaiepuka kwa mtoto huyu, kwani huweza kuchochea degedege.

Nyumbani, ulalamishi na usingizi wa kukatika huweza kuendelea kwa wiki kadhaa. Usimpe tone la dawa ambayo hakuandikiwa. Akipata degedege au homa, akikataa kunyonya, au akilala usingizi mzito huku pumzi zikiwa za shida, mrudishe hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana.