Hôtel particulier si hoteli

Juzi tena, kwenye video ya matembezi ya Paris, msimulizi kasimama mbele ya Hôtel de Sully akasema ni "hoteli ya kifahari ya zamani". Nimeshasikia hivyo mara nyingi mno. Mwingine hulitafsiri jina la Kifaransa hôtel particulier kuwa "hoteli binafsi", na hapo ndipo ninapoumia zaidi.

Hôtel particulier ni jumba la mjini la familia moja yenye mali, mara nyingi likiwa na behewa, yaani ua wa ndani, mbele na bustani nyuma.

Kinachopotosha ni neno hôtel. Kile kikofia juu ya o ni kumbukumbu ya s iliyotoweka: Kifaransa cha kale kiliandika hostel, kutoka Kilatini hospitale, na mzizi wake, hospes, ulimaanisha mgeni na mwenyeji pia. Ndiyo maana hoteli, hosteli na hospitali ni ndugu wa tumbo moja. Lakini kwa Wafaransa wa zamani hôtel ya bwana mkubwa ilikuwa makao yake ya mjini, na particulier ni kusema tu kwamba ni ya mtu, si ya umma. Ya umma nayo ipo: Hôtel de Ville ni ofisi kuu ya jiji, jambo ambalo mkazi wa Lubumbashi hahitaji kufundishwa. Baadaye nyumba zenye samani zikapangishwa kwa wasafiri, zikaitwa hôtel garni. Waingereza wakalichukua neno katika karne ya 18 kwa maana hiyo ya malazi, nasi tukalipokea kwao, tukalipanua hadi penye chai na chapati.

Jumba la Hôtel de Sully lilijengwa katika miaka ya 1620 kwa ajili ya tajiri Mesme Gallet. Mwaka 1634 likanunuliwa na Maximilien de Béthune, kabaila wa Sully, aliyewahi kuwa waziri wa mfalme Henri IV. Ukitoka kelele za mtaa wa rue Saint-Antoine unaingia behewa la mawe, kutani kuna sanamu za majira ya mwaka na za hewa, moto, ardhi na maji. Kisha bustani, na nyuma kabisa mlango mdogo wa kutokea kwenye uwanja wa Place des Vosges. Jengo linalindwa kisheria tangu 1862.

Ukilazimika kutafsiri, andika "jumba la mjini", au liache hôtel particulier kama lilivyo. "Hoteli binafsi" tuwaachie wanaopokea wageni kwa malipo.